Jumamosi Tisa kwa Mwalimu Masuma

Neno la kwanza lilikuwa "fake", na hilo Mzee Kasian alilijua. Nani asiyelijua? Hata wauza viatu wa sokoni Mafinga wanalo midomoni kutwa nzima, hii orijino, ile feki. Alilikuta kwenye mstari wa tatu wa ile karatasi, akafurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Akaliwekea kidole.

"Mwalimu, hili tulivuke. Hili ninalo."

"Haya," alisema Masuma. "Yamebaki hayo mengine."

Hayo mengine yalikuwa kurasa sita.

Masuma ni mama wa miaka sitini na kitu, mwenye duka la madaftari na fotokopi pale Iringa mjini. Babu yake ndiye aliyelifungua. Ukimwuliza kwao ni wapi atakuambia Iringa, na ukirudia kuuliza atakuuliza wewe kwenu wapi. Alifundisha Kiingereza sekondari miaka ishirini na saba kabla ya kurithi kaunta ile, na mpaka leo mtu akija kutoa fotokopi ya barua yenye makosa, anamrudishia na kalamu. Mzee Kasian aliingia pale Jumamosi moja na bahasha ya kaki kwapani na mfuko wa njegere mkononi, akaomba afundishwe kuisoma karatasi iliyokuwa ndani.

"Kamwene, mzee. Acha nikutafsirie, ni dakika ishirini tu."

"Kamwene, Mwalimu. Hapana. Nataka niisome mwenyewe."

"Kiingereza umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka 'Danger'," alisema Kasian. "Iliandikwa kwenye mashine."

Masuma alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Akamvutia kiti.

Sasa, mashine zenyewe zilikuwa za kupasulia mbao. Kasian alikuwa mtu wa Igowole, lakini miaka thelathini na moja alifanya kazi viwanda vya mbao vya Mafinga, na kazi yake ilikuwa kupanga mbao kwa madaraja. Kwa maneno mengine, alilipwa ili asidanganywe. Wajanja wa mbao wana mchezo wao: ubao ukiwa na tundu la fundo, wanachanganya unga wa mbao na gundi, wanaziba, wanapiga msasa, na wewe mnunuzi unabeba ukishukuru. Kasian alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya ubao mara moja tu. "Huu umezibwa." Anautupa pembeni. Walimbatiza jina la Kidole, na lori zima la mbao lilikuwa linasimama likisubiri kidole kile.

Mtu huyo ndiye aliyedanganywa na simu. Dunia hii, jamani, acheni tu.

Binti yake alikuwa mmoja, Goodness, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya. Sauti yake ndiyo iliyokuwa inaanzisha nyimbo kanisani Igowole, wengine wakafuata. Siku moja video iliingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na mpaka jioni ilikuwa kwenye kila simu kutoka Igowole hadi Mafinga. Sekunde thelathini na nane. Goodness yuko baa, chupa mkononi, anaimba wimbo wa meza ya Bwana kwa maneno ambayo siwezi kuyatia hapa. Uso wake. Kidoti chake cha kidevuni. Sauti ile ile iliyokuwa inaanzisha nyimbo.

Kasian aliiangalia mara moja tu, maana mara ya pili angeanguka. Alimkuta binti yake jikoni anamenya viazi, akamwekea simu mbele ya uso. Goodness aliitazama mpaka mwisho, kisu mkononi, midomo imemkauka.

"Siyo mimi," alisema.

"Ni nani basi, mzimu?"

Goodness alirudisha kisu kwenye kiazi. Na Kasian, ambaye hakuwahi kupitisha ubao bila kuugusa, alitoka nje bila kuuliza swali la pili.

Kasian alikuwa mzee wa kanisa. Wazee wa baraza walikuwa tisa, na wiki ile walikutana kuamua kama Goodness atengwe, yaani asishiriki meza ya Bwana, asiimbe kwaya, asisimame mahali popote panapohesabiwa kuwa ni pa kundi, mpaka atakapotubu mbele ya usharika. Mchungaji Sedekia aliomba wanaoafiki wanyooshe mikono. Wanane waliinamisha macho, wakamwonea haya mwenzao. Ndipo Kasian akanyoosha wa kwake, wa kwanza kabla ya yeyote, watu wasije wakasema anambeba mwanawe. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," aliwaambia. Wakamsifu kwa msimamo. Mimi nasema sifa nyingine ni afadhali mtu atukanwe.

Wiki hiyo hiyo Goodness alifunga nguo zake akaenda Mbeya.

Mama yake, Esta, hakuitazama ile video. Kila aliyemletea simu alimrudisha nayo. "Huyu mtoto nilimzaa mwenyewe, nikamtazame kwenye kioo cha simu?" Mumewe alipojaribu kumweleza, aliinuka akaenda kupalilia. Miezi minane baadaye presha ilimpanda akiwa shambani, na siku ya tatu akafariki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale nyumbani mzazi aliyeujua alikuwa mmoja.

Goodness alikuja kumzika mama yake. Lakini alikuwa ametengwa, na utaratibu ni utaratibu. Kwaya ilisimama kando ya kaburi, yeye akasimama nyuma kabisa, kwenye uzio wa mabanzi ya mbao, pamoja na watu waliokuja na pombe yao ya ulanzi na wapita njia. Waliimba wimbo alioupenda Esta, na mwanzoni pale panapopanda juu sauti haikutosha, wakaanza tena. Kasian alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha mfiwa. Aligeuka mara moja. Akaona midomo ya binti yake inacheza, inaimba wimbo wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kutoa sauti.

Baada ya maziko Goodness aliondoka bila kulala.

Bahasha ya kaki ilikuja kwa basi kutoka Mbeya mwaka uliofuata. Ndani hamkuwa na barua, salamu wala nini, ila zile kurasa sita za Kiingereza. Goodness alikuwa amepata wanasheria wanawake wanaosaidia watu wa namna yake, nao waliipeleka ile video kwa wataalamu wa nje wakaipime. Majibu ndiyo haya. Kasian alielewa hilo tu: kwamba hii ni habari ya mwanawe, na kwamba hawezi kuisoma.

Alianza kwa kuipeleka kwa Dastan, mwenyekiti wa wazee, mtu anayependa kusema akiwa amefumba macho.

"Karatasi ya Kiingereza hata mimi naweza kuandikiwa," alisema Dastan. "Ukitaka baraza liisikie, njoo uieleze mwenyewe. Neno kwa neno. Tutakuuliza."

Ndiyo maana akaenda Iringa. Na ilikuwapo sababu nyingine, aliyomwambia Masuma Jumamosi ya pili, akiwa ameshika penseli kama patasi. "Mara ya kwanza nilionyeshwa nikaamini. Nikitafsiriwa nitakuwa nimeonyeshwa tena."

Basi wakasoma. Foleni ya wanafunzi wa vyuo ikija kutoa fotokopi, Masuma anainuka anawahudumia, anarudi. Kasian alikuwa na daftari la kurasa arobaini. Upande wa kushoto aliandika neno, kulia maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Altered": imechezewa. "Source": ilikotoka. "Genuine": ya kweli kabisa, kiini cha mti. "Synthetic" lilimsumbua ulimi Jumamosi nzima. Masuma alimwambia ni kitu kilichotengenezwa na watu mahali pa kile cha asili, kama nailoni mahali pa pamba.

"Uso unaweza kutengenezwa hivyo?"

"Uso na sauti, mzee. Wanachukua picha zake, wanachukua nyimbo alizorekodi na kwaya, wanaipa mashine. Mashine inajifunza. Halafu inasema inachotaka kwa mdomo wake."

"Hata kidoti?"

"Hata kidoti."

Kasian aliinamia daftari. Masuma akamwacha, akaenda kubadilisha wino wa mashine ambao haukuwa umeisha.

Jumamosi ya sita walifika ukurasa wa nne, kwenye neno refu kuliko yote, "inconsistent". Masuma alisoma sentensi nzima kwanza, kisha akaieleza: midomo ya mtu kwenye video haiendani na sauti inayosikika.

"Midomo inakwenda kwake na sauti kwake," alisema Kasian.

"Sawasawa."

Alianza kuandika, akasimama katikati. Aliikumbuka ile midomo ya uzioni, iliyokuwa inaimba bila sauti. Machozi yalimtoka mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa wanasubiri fotokopi, mzee mzima, na hakujisumbua kuyafuta.

Jumamosi ya tisa walifika mwisho. Neno la ishirini na mbili lilikuwa "victim". Masuma alisema: aliyetendewa, aliyedhulumiwa.

"Ndiye Goodness."

"Ndiye."

"Na aliyetenda wanamwitaje?"

Masuma alimwandikia neno la ishirini na tatu, "perpetrator". Aliyeitengeneza hajulikani mpaka leo. Karatasi ilisema tu kwamba hawakumpata.

"Mwalimu, neno hili ni la yule aliyetengeneza peke yake? Au na wale waliosambaza? Au na mtu kama…" 

Masuma alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Karatasi haisemi, mzee wangu."

Kasian akaliandika upande wa kushoto. Upande wa kulia aliuacha wazi.

Mbele ya baraza hakwenda na karatasi peke yake. Alibeba ubao wa futi tatu, msafi, uliopigwa msasa ukang'aa, akampa Dastan kwanza. "Mwenyekiti, ubao huu una tundu limezibwa. Nionyeshe." Dastan aliugeuza huku na huku, macho wazi safari hii. Ukapita kwa wazee wote, ukafika kwa Mchungaji Sedekia, ukarudi. Hakuna aliyeona kitu. Kasian alipitisha kidole gumba, kikasimama karibu na ncha. "Hapa." Akakwangua kwa msumari, na unga wa mbao ukamwagika mezani.

"Miaka thelathini na moja nilifanya kazi hii," aliwaambia. "Mwanangu nililetewa akiwa ameungwa namna hii hii, na kidole sikupitisha."

Kisha akawasomea maneno yake ishirini na mawili, moja moja, na maana zake. Hawakumwuliza hata swali moja. Dastan mwenyewe ndiye aliyetoa hoja kwamba Goodness arudishwe kundini, na mikono yote tisa ikapanda. Wakapanga Jumapili ya tatu. Aje, asimame mbele, atubu kama utaratibu ulivyo, apewe mkono, kwaya iimbe. Wakashikana mikono wakatoka wamefurahi. Watu wazima tisa na mchungaji wao, na hakuna hata mmoja aliyesikia walichokuwa wanakisema.

Kasian alisafiri kesho yake kwenda Mbeya, furaha imemjaa mpaka akasahau kofia. Goodness alikuwa amepanga chumba Mwanjelwa, nyuma ya soko, na alikuwa anafundisha watoto wa chekechea. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Alimkaribisha kiti, akamchemshia chai, akamwekea na viazi. Kasian hakuvigusa. Alifungua daftari akamsomea kila neno, akijikwaa kwenye "synthetic" kama kawaida yake, na binti yake, mwalimu, hakumsahihisha. Alisikiliza tu, mikono mapajani. Kisha Kasian akamweleza habari ya Jumapili.

"Nisimame mbele nifanye nini?"

"Ni utaratibu tu, mama. Mchungaji anakuuliza, unajibu kwamba umetubu, anakupa mkono. Dakika tano."

"Natubu nini, baba?"

Kasian alitazama daftari, na daftari halikuwa na neno la hilo.

"Umeenda Iringa mara ngapi?" aliuliza Goodness.

"Jumamosi tisa."

"Kujifunza maneno mangapi?"

"Ishirini na matatu."

"Mimi nilikuambia mangapi, siku ile jikoni?"

Kasian alihesabu. Kweli alihesabu, midomo ikicheza. "Mawili," alisema.

"Na yalikuwa ya Kiswahili." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mama hakuhitaji hata hayo mawili. Mama sikumwambia kitu. Na nimemzika nimesimama kwenye mabanzi."

Hapo chozi moja lilimdondoka, akalifuta upesi. Baadaye alimsindikiza mpaka stendi, akamnunulia maji, akambebea mfuko, akasubiri basi liondoke akipunga mkono. Alimpa heshima zote. Ila Kasian alikuwa amekaa kwenye kiti anatazama mbele, anajua kabisa kwamba heshima zile zilikuwa za mgeni.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa, watu wamekuja kumwona Goodness. Kwaya ilikuwa imevaa joho. Mchungaji Sedekia alipouliza kama yupo anayetaka kurudi kundini, watu wakageuza shingo mlangoni. Ndipo Kasian akainuka kwenye kiti cha wazee, akatembea mpaka benchi la mbele wanakokaa wanaotubu, akasimama. Kabla hajaanza alikuwa amemwomba Timotheo, mwalimu wa kwaya, amrekodi kwa simu.

"Mzee Kasian, wewe hukutengwa," alinong'ona mchungaji.

"Niulize," alisema Kasian. "Niulize kama unavyowauliza wengine."

Mchungaji akamwuliza. Kasian akajibu, na sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Mwanangu aliniambia siyo yeye. Nikaiamini simu, yeye nikamwacha. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa huu. Mke wangu amekufa akinililia kimoyomoyo, na mtoto wake nikamwacha nyuma ya uzio. Natubu. Goodness hana la kutubu." Aliunyoosha ule mkono kama siku ile, na mama mmoja wa kwaya akaanza kulia, na mwingine, mpaka hakuna aliyeweza kuimba.

Timotheo aliituma ile video Mbeya siku hiyo hiyo, kwa simu ya Kasian. Dakika nne na nusu. Kasian alikaa nayo mkononi. Vile vitiki viwili vikageuka bluu, na akangoja. Alingoja mpaka akasinzia kitini.

Jibu lilikuja asubuhi.

"Shikamoo baba. Nimeiona yote. Uso ni wako na sauti ni yako. Lakini na ile ya kwanza uso ulikuwa wangu na sauti ilikuwa yangu. Mimi nitajuaje?"

Kilikuwa Kiswahili kitupu. Hakukuwa na neno hata moja la kumpelekea Masuma. Kasian aliisoma mara tatu, akaona kwamba hakutukanwa wala hakukatazwa kitu. Aliulizwa swali, swali ambalo yeye hakuliuliza siku ile jikoni. Akaiweka simu mezani, akaiacha hapo. Akavaa koti, akakumbuka kofia. Daftari hakulichukua.

Alifika Mwanjelwa alasiri. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na redio ilikuwa inasikika kwa chini. Alivua kofia akagonga.

"Hodi."

Redio ilizimwa. "Nani?"

Alikuwa na mengi ya kusema, njia nzima alikuwa anayapanga. Yote yakamtoka.

"Ni mimi," alisema.

Alisikia hatua zinakuja mpaka mlangoni, zikasimama. Komeo halikuguswa. Kasian naye akasimama upande wa pili, kofia mkononi, ameshasema maneno yake mawili, anasubiri kuaminiwa.